Vani Inayonguruma Ikisimama

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, uchovu tu wa kawaida. Wewe je, baridi ya huko imepungua makali? Kula vizuri, usijifanye chuma.

Leo namwandikia fundi, siyo mtoto. Vani inanguruma kwa nguvu hata ikiwa imesimama. Jana nilikuwa nashusha wagonjwa wangu wa figo, wale ninaowapeleka kusafishwa damu, mlangoni pa hospitali, sijatoa gia, ikaruka mbele. Mzee mmoja alikuwa na mguu mmoja chini, mwingine bado ndani. Niliwahi breki ya mkono. Akasema, "Dereva, kama umenichoka si useme tu?" Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Nianzie wapi?

Mama yako

20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, na baridi tumeshazoeana. Pole sana kwa huo mshtuko.

Injini ya umri ule hupenda kuvuta hewa ya wizi. Fungua boneti ikiwa inanguruma, usikilize kama kuna mluzi. Kuna mipira myembamba ya hewa ambayo ikizeeka hupasuka. Ipake maji ya sabuni. Ukisikia mlio unabadilika, umempata mwizi. Tazama pia waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, usije ukawa unakwama.

Nije nikuangalizie? Bosi anaweza kuniruhusu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Usije, kazi kwanza.

Mwizi tumemkamata! Mpira mmoja ulikuwa umechanika, nimeweka mpya. Waya unateleza vizuri. Siku chache vani ikatulia, halafu ikarudia ukaidi wake. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Akakaa, akawasha: mlio mwororo, hata kikombe kisingetikisika. Nikakaa mimi, ikapanda. Akakaa yeye, ikashuka. Akanitazama, akasema, "Mama, gari hili linakuogopa."

Wagonjwa hawana mwingine wa kuwabeba, kwa hiyo naenda polepole, breki mguuni.

Mama yako

25 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sitakuzungusha. Barua yako niliisoma gereji, nikaacha kazi niliyokuwa nayo, nikakaa juu ya tairi.

Injini haimjui dereva. Kama inatulia kwa fundi na kupanda kwako, tatizo halipo tena chini ya boneti. Mama, vua kiatu cha kulia. Fumba macho. Mwombe jirani akuguse vidole, kimoja kimoja, nawe umwambie ni kipi. Na sukari yako, mara ya mwisho umeipima lini?

Nakuomba usiendeshe kabla hujanijibu.

Mwanao

2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Kimya chako kinaninyima usingizi. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Hata mstari mmoja utanitosha.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Sijambo kidogo. Wewe pumzika sasa, ulale.

Ndiyo, ulinikasirisha. Mimi niliyekufundisha kushika usukani, leo uniulize kama naujua mguu wangu! Barua yako niliitia chini ya mto wa kulalia, nikaendelea kuendesha siku mbili zaidi kwa hasira. Siku ya tatu nikamwita jirani.

Nilifumba macho, nikasubiri. Nikasikia anasema, "Nimemaliza." Mimi bado nilikuwa namsubiri aanze.

Alipogeuza unyayo, akapiga yowe. Chini ya vidole palikuwa na kidonda kilichooza: msumari ulikuwa umetoboa kiatu ukaniingia, na nimeutembelea sijui tangu lini. Kumbe mguu ule ulikuwa unalalia pedali ya mafuta nami sina habari. Sukari ndiyo iliyoufisha. Daktari amekata vidole viwili. Mguu wenyewe anasema utapona nikitii. Kuendesha, basi.

Vani anaiendesha binti wa mgonjwa mmoja. Anaendesha vizuri kuliko nilivyomtakia. Juzi alinibeba mimi kwenda kufungwa kidonda. Nilipanda nyuma, na wagonjwa wangu wakanisogezea nafasi bila kuuliza kitu. Hilo liliniuma kuliko kisu.

Kila mara unaniuliza kama uje, nami nakujibu kazi kwanza. Safari hii usiniulize.

Njoo.

Mama yako