Daftari Langu Ndilo Lililomchinjisha Chuma

Kisarawe, siku ya Idi ya kuchinja, 1953

Zubeda, wamemchinja Chuma. Nakuandikia mbiombio, lori la Kibaha linangoja.

Ndiyo, Chuma yule yule, dume wangu wa mbegu. Miaka minne mbung'o wanamuuma, wenzake wanakufa, yeye ananenepa. Wamemchinja!

Aliyemtoa ni shemeji Mwishehe, mimi nikiwa Mzenga. Unajua alimchaguaje? Kwa daftari langu! Lile ninaloandikia sifa za kila ng'ombe. Amewasomea wazee barazani: "Macho mazima. Miguu yote sawa. Meno kamili. Hana kilema." Wazee wakasema, "Huyo ndiye wa Idi."

Nimemwuliza, "Shemeji, hukuona nimeandika ni wa mbegu?"

Akacheka. "Sasa Mama Isihaka, tumtolee Mungu kilema? Diploma yako ya mifugo leo imetufaa."

Imetufaa! Kisha ananikabidhi paja, eti heshima yangu.

Dume aliyeniachia ni yule anayechechemea, mwenye sikio lililochanika. "Huyu hafai kuchinjwa, mzalishe wewe."

Kinachoniuma ni hiki: chuoni tulifundishwa kuwakata masikio ili kuwatia alama. Chuma nilimwonea huruma. Ningemkata kidogo tu, asingefaa kwa Idi, na leo angekuwa hai.

Amebaki ndama wake mmoja dume. Nimetoka zizini sasa hivi, wembe ninao mkononi. Ncha ya sikio la kushoto nimeiondoa yote.

Shemeji ameniona, akapiga kelele, "Unamtia kilema!"

Nimemjibu, "Ndiyo, shemeji. Na hilo nitaliandika daftarini, uwasomee wazee mwakani."