Kome wa Baba na Mvinyo Ulioutuma

Zahanati ya kisiwani, Chiloé
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa Rosamel,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Yanira na watoto, huko bara kwenye mizabibu ya bonde la Casablanca. Natumai mvua haijawasumbua na kifua chako kimepona. Ningependa kuandika kwamba na sisi huku ni wazima, lakini siwezi. Kaa kwanza ndipo usome.

Chupa ya mvinyo mweupe uliyompa dereva wa lori la viazi ilifika salama, pamoja na maelezo yako kwamba ni mkavu, hauna sukari hata chembe, na tuunywe na kome, chaza, samaki mbichi wa ndimu au jibini ya mbuzi, ila tusiuharibu kwa nyama ya nguruwe. Baba alinisomesha maelezo hayo mara mbili. Akatamba kwa majirani kwamba mwanawe siku hizi anawafundisha matajiri kula. Leo asubuhi akachukua ndoo, akasema anakwenda miambani kufuata maelekezo yako.

Nilimkumbusha kwamba redio imetangaza bahari imefungwa, kome wasiliwe, kuna ile sumu ya maji mekundu inayowaingia. Ehe! Alinicheka huyo! Akaniita mwoga kama kunguru, akaniuliza wekundu uko wapi, mbona maji meupe unaona mpaka chini. Akasema wanaofunga bahari ni watu wa ofisini wasiojua hata kome anafunguliwa upande gani. Halafu akatoa yale maneno tuliyolelewa nayo wewe na mimi, kwamba ndimu inapika na mvinyo unamalizia kilichobaki.

Basi akawafungua wabichi, akawakamulia ndimu, akawanyunyizia giligilani na kitunguu. Mvinyo wako ni mzuri, kaka, nisikunyime haki yako. Unakaza mashavu, halafu unaacha mdomo ukitamani chumvi. Baba alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tumzike mama.

Hatujamaliza hata chupa, akasema midomo inamchonyota. Akacheka, akasema Rosamel katuletea kitu chenye mateke. Mara vidole. Mara glasi ikamponyoka, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Nilipiga yowe mpaka Don Audelio akaja mbio kutoka ng'ambo ya ua, tukang'oa mlango, tukambeba juu yake mpaka hapa.

Nesi Ercira alipoona tu alijua. Anasema sumu hii haijali moto, ndimu wala mvinyo, inalegeza viungo mpaka pumzi inasimama. Sasa baba hapumui mwenyewe. Ercira na Don Audelio wanapokezana kumsukumia hewa kwa mfuko wa mkono, na hapa kuna mfuko mmoja tu. Boti ya wagonjwa imeshatoka mjini Castro na upepo wa kaskazini unaisumbua. Ina mashine moja ya kupumulia. Ercira anasema akiifikia hiyo mashine kwa wakati, sumu itamtoka na ataamka mzima.

Usijilaumu hata kidogo. Bahari imefungwa si kwa sababu yako.

Kaka, sasa nikwambie lililonifanya niandike. Ercira aliniuliza kama kuna mwingine aliyekula. Nilikuwa nimeshamsikia akiongea na watu wa boti kwa redio ya upepo kwamba wagonjwa wakiwa wawili, mashine apewe mwenye umri mdogo. Nikamjibu kwamba mimi nilikunywa tu.

Nilikula, Rosamel. Si wengi kama yeye, lakini nilikula. Baba alinilisha kwa mkono wake, akinitania kwamba kunguru leo anakuwa mwari, ndege mla samaki. Midomo yangu imekufa ganzi na vidole vimeanza, ndiyo maana mwandiko unateleza hivi. Naogopa. Naogopa sana, sijui nikwambieje.

Na baba anasikia kila kitu. Ercira kasema hivyo, tusiseme mabaya mbele yake, akili yake ni nzima. Kwa hiyo alinisikia nikidanganya. Ni yeye peke yake anayejua, na hawezi kusogeza hata ulimi. Machozi yanamtoka mfululizo. Ercira anayafuta, anamwambia mzee vumilia, boti inakuja.

Nasikia injini. Wakishaondoka naye, mfuko utabaki, ndipo nitakaposema. Ila sijui kama nitakuwa bado na sauti, kwa hiyo barua nimeishika mkononi.

Wabusu watoto. Mwambie Yanira soksi za sufu nimemaliza kuzifuma, ziko kabatini. Baba anakusalimu, ingawa hajasema.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Edelmira

Dada Ercira, haya nimeyaandika kwa nje ya barua uyaone kwanza. Na mimi nilikula. Usinigombeze. Sukuma.