Kiti cha Kushoto, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Siwezi kukujulia hali, maana hakuna mtu katika Kampala nzima anayethubutu kuniambia uko jengo gani. Nakuandikia nikiwa mezani kwako hapa Ntinda, saa mbili asubuhi. Mkeo Mama Zubeda yuko jikoni, anachambua mchele aliokwisha kuuchambua jana. Koti lako la kazi linaning'inia mlangoni. Amelipiga pasi tena, kama afanyavyo kila wiki tangu Ijumaa ile walipokuja wale watu wawili waliovaa miwani ya jua siku ya mvua, wakasema wanakuhitaji kwa maswali machache. Hii ni wiki ya tatu.

Saa nne natakiwa ofisini kwa Meja, yule askari waliyemkabidhi shirika letu la ndege, nikiwa nimekwisha kutia sahihi barua ya kupandishwa cheo. Ndiyo, Mjomba. Kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, kimefika. Kimefika kwa sababu wewe hukikalii tena, na wewe hukikalii kwa sababu yangu. Kabla sijaondoka hapa lazima nikueleze yote mawili.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipoketi kulia kwako? Nilikuwa na shahada ya hisabati na leseni ya wiki mbili. Kazi ya rubani msaidizi ni kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, kipengele kimoja kimoja, na kazi ya kapteni ni kujibu. Kitabu kilitaka tujibizane kwa Kiingereza. Mimi nikasoma kwa Kiingereza changu cha chuo, nikiringa, na wewe ukajibu kwa Kiswahili, huku ukikigusa kila kifaa kwa kidole: "Tayari. Tayari. Bado." Ulipofika kwenye mafuta ulisema bado, nami nikakuonyesha kwamba mshale wa kipimo unaonekana vizuri kutoka pale ulipokaa, hakuna haja ya kushuka kwenda kupima tangi kwa kijiti kama fundi wa miaka ya zamani.

"Bwana msomi," ulisema ukifungua mkanda, "umemaliza?"

"Nimemaliza, Mjomba."

"Humu ndani mimi si mjomba. Ukisikia bado, unanyamaza, halafu unaanza upya. Soma tangu juu."

Nilisoma tangu juu. Nilikuwa nimechukia kiasi kwamba sikuona hata ziwa tulipopaa Entebbe. Wewe uliyenilea baada ya baba kufariki, uliyeanza kazi kama fundi wa redio na kupanda ngazi moja baada ya nyingine, ulikuwa unanifundisha mambo ambayo mimi, kwa maoni yangu ya siku zile, ningeweza kukufundisha.

Kisha marubani wa kigeni wakaanza kuondoka. Kila mwezi jina moja lilikatwa kwa wino kwenye orodha ya majina iliyobandikwa chumba cha marubani, na jina langu lilisogea juu. Wenzangu wawili wa darasa la urubani walikuwa wakizunguka Nairobi na leseni zao ndani ya bahasha, wakiambiwa kila ofisi warudi mwezi ujao. Mimi nilikuwa na kazi, nilikuwa na mistari mitatu ya dhahabu begani, na hata hivyo nilijiona mtu aliyedhulumiwa kwa sababu haikuwa minne ya kapteni. Viti vya kushoto vilikuwa wazi. Saa zangu za kuruka zilitosha. Mitihani yote nilikuwa nimeshinda. Palihitajika kitu kimoja tu, fomu ya mkaguzi, na mkaguzi ulikuwa wewe.

Mara ya kwanza ulijaza fomu yote kwa Kiingereza chako kilichonyooka, kisha mahali pa mapendekezo ukaandika neno moja la Kiswahili: Bado. Nilikufuata hadi kwenye gari la wafanyakazi. Nilikutaka uniambie ni kosa gani la kiufundi umeliona. Ukasema hukuliona lolote. Nikakuambia kwamba hukumu isiyo na sababu si hukumu bali ni chuki, na nikakutajia falsafa na sheria hadi tukafika Kampala. Ulikuwa ukimenya chungwa. Ulipomaliza ulinipa nusu.

Baada ya hapo ndipo tulipokwenda Arua. Siku ile nimeirudia kichwani mara nyingi sana wiki hizi, na kila mara nashangaa jinsi nilivyokuwa kipofu. Tulikuwa tumeshafunga mizigo, abiria wameketi, mara lori la jeshi likaja hadi chini ya bawa. Sajini mmoja mrefu akateremka akitafuna muwa.

"Weye kapteni! Hii masanduku yote inakwenda Entebbe."

"Afande, ndege imejaa," ulimwambia.

"Imejaa namna gani? Mimi naona mlango iko wazi."

Wanajeshi wake wakacheka. Mimi nikashuka na karatasi yangu ya mizigo. Nikaanza kumweleza sajini uzito wa kupaa, urefu wa kiwanja, joto la mchana. Nilikuwa sahihi katika kila tarakimu. Akaacha kutafuna.

"Huyu nani?"

"Mpwa wangu," ulisema upesi, ukanishika bega ukanirudisha nyuma yako. "Amesoma sana, afande, imemwingia kichwani."

"Ananifundisha mimi?"

"Hata mimi ananifundisha. Nyumbani anamfundisha mke wangu kupika." Sajini akaguna, karibu acheke. Ndipo ukatoa kalamu mfukoni. "Afande, mimi sikatai amri. Masanduku yapande. Ila karatasi hii inataka sahihi ya mwenye ndege, na leo umeshakuwa wewe. Weka jina lako hapa, na namba yako ya jeshi, Mkuu wa nchi akiuliza ndege yake imeangukia wapi tujue wa kumjibu."

Sajini aliitazama kalamu kana kwamba ni nyoka. Akawatazama watu wake, akatema kapi la muwa. "Pakia mawili tu," alisema, "ingine itangoja." Masanduku mawili tuliweza. Ulimpigia saluti, naye akaondoka akijiona ameshinda.

Tulipokuwa angani nilikuambia kwamba umejidhalilisha, kwamba hoja yangu ilikuwa imara na haikuhitaji vichekesho. Kisha ukaniuliza, "Umeona kalamu ilikuwa ya nani?" Nikajibu kwamba ilikuwa yako. "Basi," ukasema.

Mara ya pili ukaandika Bado. Na mara ya tatu, Bado.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia hata Mama Zubeda. Baada ya ile ya tatu niliketi chumbani kwangu Lubaga nikamwandikia barua Meja. Kurasa nne. Niliipanga kama tasnifu: utangulizi, ushahidi, hitimisho. Niliandika kwamba wapo wakaguzi wa kizazi cha zamani wanaowaogopa vijana wenye elimu. Niliandika kwamba hata fomu rasmi wanashindwa kuijaza kwa lugha inayostahili. Na niliandika sentensi moja ambayo niliipenda sana, nikaisoma mara mbili nisikie mdundo wake, isemayo kwamba kumzuia mwana wa nchi asirushe ndege ya nchi yake ni hujuma dhidi ya taifa.

Mjomba, mimi niliyasoma maneno hayo vitabuni. Nilidhani ni maneno ya mjadala. Nilisahau, mimi niliyekuwa nikiwacheka wenzangu kwa kutofikiri, kwamba wapo watu mjini hapa ambao kazi yao ni kuyachukua maneno kama hayo jinsi yalivyo.

Siku tisa baadaye walikuja kukuchukua. Juzi Meja aliniita. Juu ya meza yake ilikuwapo barua yangu, na sentensi ile ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu.

"Barua nzuri," alisema. "Imetusaidia. Huyu mzee anasema alikuwa na sababu za kikazi, lakini sababu zenyewe hazitaji. Wewe mwenyewe umeshasema ni hujuma. Si ndiyo?"

Nilifungua kinywa. Hoja kumi zilinijia, zote nzuri, na nikaona macho yake yakiningoja kama macho ya yule sajini alipoacha kutafuna. Nilifunga kinywa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Akanisogezea barua ya cheo. "Kapteni. Tia sahihi, nirudishie kesho kutwa saa nne. Jumatatu utakwenda Arua. Vitu vikiletwa, unapakia. Mambo ya mizani hayo tumemaliza na mjomba wako."

Nilikuja moja kwa moja hapa kwako. Sikumwambia Mama Zubeda habari za barua yangu. Nilimwambia tu kwamba nimepewa kiti cha kushoto. Nilitarajia apige vigelegele au alie. Akaketi.

"Haya," alisema, "kwa hiyo wamekipata walichokitaka. Mjomba wako aliniambia hapo ulipokaa. Alisema, huyu mtoto ndege anaijua kuliko mimi. Lakini siku akikaa kushoto, sahihi ni yake, na wakimletea mizigo atabishana nao. Wale hawabishani, Mama Zubeda. Acha anichukie mwaka mmoja, miwili, nchi itulie."

Nitabishana nawe hata hapa, kwa kuwa hunisikii na huwezi kuninyamazisha. Hukuwa na haki ya kunificha. Ulipaswa kuniketisha chini na kunieleza kwamba kasoro yangu ni ulimi wangu, wala si mikono. Ungeniambia hivyo, nisingeandika ile barua. Au pengine ningeiandika kwa kurasa sita. Ndivyo nilivyokuwa, na wewe ulinijua. Ulinikinga kwa neno moja, na nilikuwa mjinga nisiyejua kwamba nimekingwa, nikalichukua neno lilelile nikawapelekea.

Nimefikiria kutoroka. Njia ya Nairobi bado ipo kwa anayejua kuipita, na wenzangu wawili wangenipokea. Lakini nikiondoka, sentensi yangu itabaki mezani kwa Meja, na hakuna mwingine duniani anayeweza kuifuta. Nikikubali cheo, nitakuwa nimeigongea mhuri: kijana alikuwa tayari, mzee alimzuia kwa makusudi. Lipo jambo moja tu ambalo linaweza kuiondoa hujuma midomoni mwao, nalo ni kwamba ulisema kweli: sikuwa tayari.

Kwa hiyo asubuhi hii nimeandika barua nyingine. Ni fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Haina hoja hata moja. Inasema kwamba malalamiko yangu ya awali yalitokana na majivuno, kwamba mkaguzi aliniona sijafikia kiwango, na kwamba aliona sawasawa. Nimeandika kwamba mara moja nilibishana na kapteni kuhusu mafuta, jambo ambalo ni kweli, na kwamba rubani wa namna hiyo hafai kukabidhiwa ndege ya Mkuu, jambo ambalo hakuna ofisa atakayetaka kulipinga kwa sahihi yake. Mimi pia nimejifunza kuwapa watu kalamu, Mjomba. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Huenda Meja atacheka, huenda ataniweka mahali ulipo. Naogopa, na sioni sababu ya kukuficha.

Na ile barua ya cheo nairudisha bila sahihi. Mahali pa sahihi, chini ya Kiingereza chao chote, nimeandika neno moja la Kiswahili, kwa herufi zako zilizosimama wima. Unalijua.

Saa tatu inakaribia na gari la wafanyakazi halingoji mtu. Barua hii naitia katika mfuko wa ndani wa koti lako, upande wa moyo, pale unapoweka kalamu. Mama Zubeda ataona mfuko umetuna, lakini ameniahidi hatauliza. Ukirudi, utaivaa pamoja na koti kabla hujaisoma, nami nitakuwa nimekaa kulia, orodha mkononi, nikikungoja uguse kila kitu kwa kidole chako. Nitasoma tangu juu. Ukisema bado, nitanyamaza.

Mpwa wako,
mwenye mistari mitatu