Chupa Namba Nne

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na huyo wa tumboni anaendelea kukupiga mateke. Sisi huku juu tupo. Nassir ameota meno mawili, anang'ata kila kitu, hata kalamu hii ameshaing'ata.

Kabla sijaendelea nakuomba kitu kimoja. Kuanzia leo usinywe maji ya mto wala usiwape watoto, hata ukiyachemsha. Rudi kule kisimani, najua ni mbali na mgongo unakuuma. Sababu utaiona humu ndani. Sikupiga simu kwa kuwa simu yetu ni moja na inakaa mfukoni mwa Zuberi, na nikiiomba lazima iwekwe sauti kubwa ili mama mkwe naye asalimie.

Unamkumbuka yule bwana wa maji niliyekwambia, Rubeni, mtu wa Tanga? Alitaka mtu wa kijijini anayejua kusoma namba na asiyeogopa baridi. Wenzangu wakacheka, mimi nikanyoosha mkono na mtoto mgongoni. Alinifundisha kugeuza mawe ya mtoni taratibu na kutazama vidudu vilivyojibandika chini yake. Kuna vinavyopenda maji safi tu, yakiharibika vinatoweka. Kumbe mto una wenyeji wake, dada, na mimi navuka kila siku sijawahi kuwapigia hodi!

Kila mwezi nilitakiwa kujaza chupa nne, Rubeni azipeleke kupimwa. Ya kwanza chemchemini, ya pili chini ya shule, ya tatu darajani, ya nne chini ya kitivo chetu, kile kishamba cha bondeni cha kabichi na nyanya, maana kutoka pale maji yanashuka moja kwa moja kwenu Soni. Wanawake wakaniita daktari wa mawe. Mama mkwe akasema afadhali daktari wa mawe kuliko daktari wa kulala. Nilifurahi sana. Tangu nimalize darasa la saba hakuna aliyewahi kunipa daftari nikaandika jina langu juu.

Mwezi wa kwanza tu, darajani vidudu vilikuwa tele. Chini ya kitivo chetu niligeuza mawe kumi na moja, sikuona hata kimoja. Sikuhitaji kuuliza. Pale ndipo tunapochanganyia dawa ya nyanya, na ndipo bomba la kupulizia linaposuuzwa.

Nilimweleza Zuberi. Hakunipiga, usiwaze hivyo. Alisukuma kikombe cha chai pembeni, akaniuliza kama najua kitivo kiko hatua ngapi kutoka mtoni. Najua, hazifiki ishirini, na sheria inataka mita sitini. Akasema Rubeni akiyapata maji yale tutang'olewa pamoja na nyanya zetu, na kule mlimani tuna mawe tu, huyu mtoto atakula nini? Mama mkwe akadakia kwamba marehemu mumewe alikifungua kitivo kile kwa jembe la mkono, na kwamba mwanawe alioa mke, hakuoa karani wa serikali. Zuberi akamalizia kwamba maji ni maji, nikajaze kule juu.

Dada, nilijaza. Chupa namba nne ya mwezi ule, na ya mwezi uliofuata, ilikuwa maji ya chemchemi. Kwenye daftari, mahali pa namba nne, nikaandika vidudu vya darajani. Na anayesuuza lile bomba mtoni si Zuberi. Ni mimi, kila tukimaliza kupuliza, kwa mikono hii hii.

Ile karatasi ya vipimo vya Rubeni iliyobandikwa kwenu kwamba maji hayana neno, maji yake niliyateka mimi. Uliponipigia kunishukuru kwamba umepumzika safari ya kisimani, mama mkwe alikuwa anacheka kwa furaha, mimi nikajifanya namfunga Nassir nepi. Sasa Shamsa, jirani yangu anayeshusha karoti huko kwenu, ananiambia wanao wanaumwa matumbo. Sijui kama ni dawa yetu. Nikisema, navunja nyumba yangu. Nikinyamaza, nawanywesha wanao.

Shamsa anakuletea barua hii pamoja na karoti. Chini ya karoti kuna chupa, nimeifunga kwa gunia bichi isipate joto. Nimeijaza leo asubuhi, mahali penyewe. Usiifungue. Rubeni anapita Soni siku ya soko, mpe, na umsomee barua yangu. Aliwahi kuniambia kuna mahali wakulima walipewa muda wakahamisha mazao, wakapanda matete kando ya mto, na vidudu vikarudi. Nimelishika neno hilo. Labda na sisi tutapewa muda.

Lakini wewe ni mkubwa wangu. Ukiona nimekosea, imwage, sitakulaumu. Ila nakuomba, dada, usiimwage mtoni.

Nisalimie shemeji, na watoto wapake mafuta tumboni kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia