Kwa Mzee Zenon, Aliyewapa Mbega Majina ya Majirani

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipotuachia buti zako za mvua mlangoni, zikiwa bado na tope la kijitoni. Uliugua wiki mbili tu. Mama anasema hata kuugua uliugua kwa haraka, kama mtu mwenye mahali pa kuwahi.

Tunakukumbuka kwa mengi. Ulikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, na mwanakwaya wa sauti ya nne ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa hajui kuimba. Hukuweza kumpita mtu njiani bila kumuuliza habari za nyumbani, za mifugo, na za yule shangazi aliyevunjika mguu mwaka juzi. Safari ya dakika kumi kwenda kanisani ilikuchukua saa nzima, hata Mama akajifunza kutangulia.

Lakini kijiji kinakukumbuka zaidi kwa kazi uliyoianza ukiwa na miaka sitini na mmoja: kazi ya kuhesabu mbega wekundu.

Aliyekuajiri ni Lugano, kijana mtafiti kutoka Mbeya, aliyekuja akitafuta mtu anayeujua msitu. Uliujua tangu ulipokuwa msitu mmoja. Baadaye katikati pakalimwa, yakabaki mapande mawili, msitu mkubwa upande wa mlimani na msitu mdogo upande wa bondeni. Kilichoyaunganisha ni miti ya kando ya kijito ndani ya shamba letu, ekari mbili ambazo hukuwahi kuzifyeka. Mbega hapendi kutembea chini. Akitaka kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, anapita juu ya matawi yako.

Lugano alikupa darubini na fomu, akakufundisha kutembea polepole na kimya kimya. Polepole uliweza. Kimya kilikushinda. Ukiwakuta mbega ulivua kofia, ukawasalimia kwa Kifipa, ukawauliza walivyoamka. Lugano akakueleza kwa heshima zote kwamba mtafiti hasalimiani na wanyama anaowahesabu.

"Mwanangu," ukamjibu, "nikipita bila kusalimia watadhani nimekuja kuiba."

Halafu ukaja mwaka wa majina. Fomu ilitaka kila mnyama atambulike, na Lugano alipendekeza herufi na namba. Ulikataa, ukisema hakuna anayeweza kumtakia heri kiumbe anayeitwa D mbili. Ukawapa majina ya watu wa jumuiya yetu. Dume mwenye kifua kipana na mwendo wa kiongozi ukamwita Adolfu, kwa heshima ya mwenyekiti wa jumuiya. Jike mwenye sauti ya kuamsha bonde zima akawa Cornelia, jirani yetu. Katekista Loth alipata mbega mwembamba mwenye kupenda kukaa peke yake, na yule fundi aliyekuwa akikutengenezea baiskeli alipata wawili, kwa sababu ulikuwa umesahau kwamba umeshampa mmoja. Hukuwa na nia mbaya. Ulichukua majina ya watu uliowapenda.

Lugano alikuja kusoma ripoti yake kwenye mkutano wa kijiji. Wazee wetu aliwajua kwa vyeo vyao tu, kwa hiyo hakuwa na habari kwamba nusu ya wanyama wake wamekaa mbele yake kwenye mabenchi. Kitinda mimba wako Avelina, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliposikia jina la kwanza alitamani ardhi ipasuke. Lugano akasoma kwa sauti safi kwamba Adolfu hushinda tawini akikunwa mgongo na majike watatu. Vichwa vikamgeukia mwenyekiti. Mke wa Adolfu akasimama, akaomba kwa utulivu kabisa atajiwe majina ya hao watatu.

Kabla hajajibiwa, ikasomwa kwamba Cornelia amehamia kundi la pili, la msitu mdogo, bila dalili yoyote ya kuaga. Cornelia akasema hajahamia popote, alikwenda Matai kwa dada yake siku nne, na funguo aliacha kwa mama Meshack, yaani kwa Mama.

Ukasimama, Baba, kofia mkononi. Ukaomba radhi, kisha ukaeleza kwa nini kuhama kwa Cornelia wa msituni ni habari njema. Ulisema miti ya kijitoni ikikatwa, wale wa msitu mdogo watabaki ukoo mmoja, na ukoo mmoja ukifungiwa nyumba moja mwishowe kaka ataoa dada. Wazee wakatazamana. Katekista Loth ndiye aliyelimaliza jambo. Alisema hicho ni kizuizi cha ndoa, na kama kanisa halikubali kwa watu, hakuna sababu ya kijiji kuwatengenezea mbega. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayekata nguzo kijitoni. Avelina anasema alisoma miaka mitatu na hakuwahi kusikia somo lile likielezwa vizuri hivyo.

Baada ya hapo watu waliacha kukasirika, wakaanza kukungoja nje ya kanisa.

"Mzee Zenon, wiki hii naendeleaje?"

"Umenenepa. Ila Alhamisi ulidondoka."

"Nilidondokaje tena?"

"Tamaa. Tawi lilikuwa la mwenzako."

Kucheka kulikuwako, lakini hesabu haikuchekesha. Ulipoanza kuhesabu, msitu mdogo ulikuwa na mbega ishirini na sita. Mwaka wako wa mwisho walikuwa kumi na wanne. Wengine waliishia kwenye mitego iliyotegewa ngedere wa mahindi, wengine hukujua walikoishia. Adolfu alipotea Kwaresima ile ya mwisho. Jumapili tatu ulitokea mlango wa sakristia ili usikutane na mwenyekiti. Ya nne alikuvizia hukohuko, ikabidi umwambie, "Mwenyekiti, sijakuona tangu Jumatano ya Majivu." Mzee Adolfu alivua kofia. Akauliza kama aliteseka. Ukasema hujui.

Sasa, Baba, kuna jambo tunataka ulisikie kutoka kwetu wenyewe kabla hujalisikia kwa wengine.

Mwezi uliopita wazee waligawa shamba. Lucia alipata sehemu ya barabarani, Avelina ya juu karibu na nyumba, na kaka yao mkubwa Meshack akapata ya chini, pamoja na miti ya kijitoni. Wiki iliyofuata Meshack alifika kutoka Laela na fundi wa chenso, ule msumeno wa injini, wamepakizana bodaboda moja, chenso imefungwa kwenye blanketi na kupakatwa kama mtoto. Alisema hana ugomvi na mnyama yeyote. Ana watoto watano, na ardhi aliyopewa ni ya kulima.

Avelina alikuwa tayari. Unamjua mwanao. Anaamini kwamba mtu akielezwa ukweli vizuri atakubali. Alikuwa amechora grafu kwenye karatasi ya manila, mstari mwekundu ukishuka, na duara mahali ulipo ushoroba, yaani hiyo njia ya mbega kijitoni. Aliibandika kwenye ukuta wa jiko, akaeleza kwa dakika ishirini huku fundi wa chenso akitikisa kichwa kwa huruma. Meshack alisikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa mwandiko mzuri.

"Lakini mdogo wangu," akasema, "watoto wangu hawali ushoroba."

Avelina hakuwa na grafu ya kujibu hilo. Alibakiwa na kaunta buku zako saba tu, yale madaftari uliyoandikia mbega kila siku. Akazileta, akampa, akiwaza kwamba labda tarakimu zikiwa kwa mkono wako zitakuwa na uzito zaidi. Meshack hakuzitazama tarakimu. Alikuwa anatafuta jina lake. Alipekua daftari la kwanza, la pili, la tatu. Akamkuta Adolfu, Cornelia, Loth, muuguzi wa zahanati, fundi baiskeli mara mbili, hata Lugano mwenyewe. Alipofunga la saba sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwa hiyo aliyemzibia pancha ana mbega wawili," akasema, "na mimi mwanawe wa kwanza sina hata mmoja."

Fundi wa chenso akaona heri aende nje kumtazama mbuzi.

Mama alikuwa anachambua maharage. Bila kuinua macho akamwambia asome mstari wa mwisho wa kila jina. Meshack akasoma kwa sauti. Loth, hajaonekana. Muuguzi, hajaonekana. Adolfu, hajaonekana, hajaonekana, hajaonekana, kurasa nne, kila siku umeandika upya kana kwamba jana hukuandika.

"Nilimwambia, mpe yule dume mpya jina la Meshack," Mama akasema. "Akanijibu, mama Meshack, neno lile mkono wangu hauwezi kuliandika pembeni ya jina la mtoto wangu."

Meshack akalifunga daftari taratibu. Kisha akatoka, akamwambia fundi aingie anywe chai, akamwomba Avelina wateremke kijitoni.

Hatutakudanganya kwamba mbega walimpokea kwa adabu. Walimnyea begani kabla hata hajavua kofia. Lakini alisimama pale, na Avelina akiwa kando yake akawahesabu, maana wote wanane waliokuwa wakivuka walikuwa juu ya miti ya Meshack sasa, na neno moja kwa fundi wa chenso lingetosha kuiangusha. Wa mwisho alikuwa kichanga, ameng'ang'ania tumbo la mama yake. Meshack akauliza huyo anaitwa nani. Avelina akasema bado hana jina.

"Mwandike mimi."

Avelina akamkumbusha ulivyokuwa ukiogopa. Akamwambia vichanga hupotea zaidi kuliko wakubwa, asije akajuta.

"Ndiyo maana nakwambia uniandike," akasema. "Nikiwa humo nitaikataje miti hii?"

Fundi wa chenso alirudi Laela na chenso yake ndani ya blanketi, ameshiba chai na viazi. Lucia amempa kaka yake kipande cha barabarani cha kulima, kwa sharti kwamba yule pacha wake wa msituni asiletwe jikoni kwake. Na Meshack anapiga simu kila Ijumaa, katikati ya kelele za wanunuzi wa mahindi, anauliza wiki hii amekula nini.

Kwa hiyo tumevunja mwiko wako, Baba. Jina la mtoto wako limo kwenye daftari la nane, Avelina amelichora kwa wino. Mbega wa msitu mdogo ni kumi na watano. Si wengi, na hatuwezi kuahidi kwamba hakuna siku atakayolazimika kuandika neno lile pembeni yake. Jumatatu Avelina aliandika hivi: Meshack, ameachia tumbo la mama yake, amekaa tawini peke yake, anaogopa, hajaanguka.

Unakumbukwa na mke wako Fransiska, wanao Meshack, Lucia na Avelina, wajukuu wako saba, Lugano uliyemwita mwanao, na jumuiya yote, waliobaki kwenye daftari na wasiobaki. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili, misa ya kwanza. Wanaopitia kwetu wajipe saa nzima ya salamu, kama ulivyotuzoesha.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Pumzika kwa amani.