Kichujio Nilichokipeleka Mahakamani

Namatala, hapa Mbale, Alhamisi jioni. Mvua imetunyeshea tangu saa saba, sasa imeacha na matope yamefika mlangoni. Mimi nimekaa na daftari langu, najisifu peke yangu. Leo nivumilie tu.

Mume wangu, Baba Nekesa, ameshinda kesi. Leseni yake iko mfukoni mwake.

Wiki tatu tumelala na kuamka na shtaka hilo: kuendesha lori akiwa amelewa. Alikuwa anatoka Jinja na marobota ya vitambaa, akasimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kufika Mbale. Afande akapekua, akakuta nyuma ya kiti mrija wake wa malwa, ile pombe ya wimbi ambayo wanaume huinywa wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Akamwamuru ashuke atembee wima. Jamani! Mume wangu anachechemea tangu utoto, atatembeaje wima?

Majirani walitushauri akubali kosa, tulipe faini, yaishe. Nani anabishana na mwenye bunduki siku hizi? Siwalaumu. Lakini ukikubali, leseni inafutwa, na sisi Wakenya hapa Mbale hatuna shamba wala mjomba. Lori ndilo shamba letu. Baba Nekesa akasema hawezi kukiri kosa ambalo hakulifanya. Nikamwambia, basi na mimi nitasimama shahidi.

Nikiri jambo. Alipotoka kwa dhamana, nilinusa shati lake kabla hata ya kumpa pole.

Lilinuka mahabusu tu. Nikaona aibu.

Asubuhi hii afande aliapa, akainua mrija juu watu wote wauone. "Mimi iliona huyu na macho yangu. Anakaa kwa chungu, anakunywa na hii mrija, halafu anapanda lori." Hakimu akamuuliza kama mshtakiwa alipelekwa kwa daktari. Hakupelekwa. Akamuuliza kama lori lilikuwa linayumba. Afande akasema hapana, lakini mtu mwenyewe aliyumba.

Niliitwa nitoe ushahidi. Nikautazama ule mrija. Ncha yake ilikuwa wazi vilevile, nikapata nguvu. Nikafungua pindo la leso nikatoa kichujio.

Kazi yangu ni kusuka hivi vichujio. Ni kitu kidogo, kama kidole gumba, kinavalishwa kwenye ncha ya mrija ili makapi ya wimbi yasiingie yakauziba. Nikamweleza bwana hakimu kwamba cha mume wangu kilichanika, nikakitoa mwenyewe Jumapili nikishone, na yeye akakamatwa Jumanne. Tangu hapo mrija uko polisi. Sasa alikunywaje? Afande ni mgeni hapa, kwao wanakunywa kwa kibuyu, angejuaje? Hapa Mbale hata mtoto anajua.

Hakimu ni mtu wa mlima huu huu. Alijifuta mdomo kuficha tabasamu, akamtuma karani kwa mama wa malwa nyuma ya soko. Kikaletwa chungu kidogo. Mwendesha mashtaka mwenyewe ndiye aliyeambiwa avute kwa mrija ule ule.

Alivuta. Akavuta tena, mashavu yakamwingia ndani, macho yakamtoka pima. Hakuna kitu, mrija umeziba! Mahakama nzima ikaangua kicheko, isipokuwa afande.

Hakimu akasema kuchechemea si kulewa, daktari hakuna, na shahidi aliona kisichowezekana. Shtaka likatupwa, na mrija tukarudishiwa.

Mlangoni afande alinipitia karibu. "Mama, wewe iko hatari," akasema, akaenda zake. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananitania.

Lakini najivunia, wacha niseme! Mimi niliyeishia darasa la nne nimemnyamazisha mtu mwenye kofia na nyota.

Ila kuna swali ambalo hakimu hakuniuliza. Hakuniuliza kuhusu sikukuu moja, Baba Nekesa aliporudi na lori kutoka kwenye chungu, anaimba, akaangusha ua wa jirani mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza, wakaondoka dakika hiyo hiyo. Angeniuliza, nami nimeshika Biblia, ningejibu nini? Swali hilo limenifuata mpaka nyumbani.

Kwa hiyo alipokuja saa hizi, uso umemkunjuka, akisema, "Mama Nekesa, nipe kichujio changu nikasherehekee," nilimwambia kiko tayari. Kisha nikanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa lori kwanza."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mkono wangu ukabaki palepale mpaka akaona kwamba sitanii.

Ufunguo uko kwenye msumari juu ya kitanda. Baba Nekesa ameondoka kwa miguu, anachechemea kwenye matope, mrija begani, kichujio mfukoni. Asubuhi atakuja kuniomba ufunguo wake.

Nitamnusa kwanza.