Mstari wa Vitone, Kaloleni

Mama yangu,

Hujambo huko? Sisi huku Kaloleni ni wazima, ila jana chai ilinipalia kwa kicheko.

Wanjiru wa Shangazi, yule anayesomea kompyuta, aliuliza kila nyumba hapa uani hupelekeana chakula na nani. Unajua huku sahani ya jirani hairudi tupu. Akaiambia kompyuta ichore kila nyumba kama nukta, na kila sahani kama mstari. Kisha mashine ikaanza kukisia mistari ambayo hakuna aliyeitaja: watu wawili wenye marafiki walewale, yaelekea nao wanajuana. Basi ikaunganisha kwa mstari wa vitone Shangazi na Bwana Kioko, mchonga vinyago aliyefiwa na mke, ambaye hata kanisani Shangazi hasalimiani naye!

Shangazi akawaka. "Huyo mimi simjui! Mashine yako ni mwongo."

"Mum, imekisia tu," Wanjiru akasema.

Habari zikamfikia Bwana Kioko, naye akaja kujitetea. Chai ya maziwa ilikuwa tele mezani, lakini Shangazi aliingia jikoni akamchemshia strungi, bila maziwa, bila sukari. Hakumuuliza anakunywaje. Bwana Kioko akapokea, akanywa kama aliyezoea.

Wanjiru akavifuta vile vitone, akachora mstari mzito. Kisha akanigeukia. "Dada, nikuingize na wewe kwenye mchoro?"

Nikaifunga hiyo kompyuta.

Mungu akutunze, Mama, nami nakukumbuka sana. Wanjiru akikupigia simu, mwulize habari za mvua tu.

Binti yako,
Njeri